Ukitoka Usigeuke

Mama yangu alinifundisha kwamba mtu akishatoka uani kwao hageuki nyuma. Umesahau kitu, kiache, utakikuta ukirudi. Umeitwa, nenda tu. Anayekuita ana miguu, atakufuata. Babu yake mama alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba meno ya tembo mabegani kutoka huku mpaka pwani na kurudi na marobota ya nguo, na sheria hiyo aliipokea kwa waliomtangulia. Walisema mpagazi akigeuka kuitazama nyumba yake, mzigo unaongezeka uzito palepale, na wa namna hiyo kurudi ni bahati. Misafara ikaisha, reli ikaja, babu akazikwa Tura, lakini sheria ikabaki kwetu kama kinu cha urithi ambacho hakuna anayekitumia na hakuna anayethubutu kukitupa. Siku yangu ya kwanza ya shule niligeuka mlangoni kumtazama paka wangu. Nilifinywa sikio mpaka nikafika darasani bado linawaka.

Nalitanguliza hili kwa sababu nimechoka kuulizwa. Kila niliyemsimulia habari hii ameniuliza swali lilelile: hukugeuka hata mara moja? Sikugeuka. Wanaouliza hawakulelewa na mama yangu.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Ng'ambo, Tabora. Nashona sare za shule na magauni ya harusi za watu wasio na haraka. Kazi yangu ni ya kukaa, na kukaa kulinipa nyonga pana, kisha presha, kisha sukari. Daktari alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama mtu anayepima kitambaa, akasema nitembee kila siku au nianze kuzoea sindano. Nikachagua kutembea. Binti yangu, anayefanya kazi Dodoma, akafurahi kama nimefaulu mtihani. Akanitumia raba nyeupe pe, simu janja ambayo yeye alikuwa ameichoka, na hedifoni za kuchomeka masikioni.

"Utembee ukisikiliza podikasti, mama," akaniambia. "Utashangaa umefika."

"Hiyo ni nini?"

"Ni kama kipindi cha redio, ila unakisikiliza saa unayotaka wewe. Halafu mama, barabarani weka sikio moja tu. Jingine liache wazi."

Nikaweka yote mawili. Kusikia nusu ya kitu ni kazi ya watu wenye subira.

Ukweli ni kwamba kutembea kulinipa kitu ambacho daktari hakukiandika. Kulinipa muda wa kuwa mbali na mama yangu. Alikuwa amehamia kwangu tangu alipoanza kusahau. Kwanza alisahau vijiko na majina ya majirani, kama wazee wote. Halafu akasahau kama amekula. Halafu akawa ananiuliza mume wangu yuko wapi, namwambia amefariki, analia upya, na baada ya chai ananiuliza tena. Nilijifunza kumjibu kwamba yuko kazini. Usiku aliongea Kinyamwezi peke yake na watu waliokufa zamani, akiwacheka na kuwagombeza, na mimi chumba cha pili nikisikiliza nusu ninayoielewa.

Muuguzi mmoja wa kliniki, mama mpole mwenye sauti ya chini, aliniita pembeni. "Siku moja atatoka," akasema. "Wengi wao hutoka. Na wakitoka huelekea walikozaliwa. Akipotea huko porini mtu wa umri wake hamalizi siku mbili. Uwe macho, dada yangu."

Mama alizaliwa Tura. Tura iko mashariki, kijiji cha stesheni kwenye reli ya kati, na kati ya hapa na huko kuna miombo, wachoma mkaa, reli, na nafasi kubwa mno kwa kikongwe mwenye kandambili. Tangu siku ile nilipoambiwa hivyo, hofu yangu ilikuwa hiyo moja. Nilipokuwa napiga cherehani nilimwona kichwani mwangu amekaa mahali chini ya jua, ameshika ncha ya kanga yake, anasubiri, na mimi sijui ni wapi.

Jirani mmoja alinishauri niweke kufuli getini. Nilimjibu vibaya. Mama yangu si mbuzi. Geti letu lina komeo la ndani, na mimi nikitoka alfajiri, baada ya sala, nilipitisha mkono kwenye tundu la bati nikalirudisha. Nilimwacha amelala amegeukia ukutani. Nilikuwa namkuta hivyo hivyo nikirudi na maziwa. Basi nikajiambia saa ile ni salama.

Njia yangu ilikuwa hii. Nashuka Ng'ambo wakati maduka bado yamefungwa, navuka reli, nashika njia ya zamani ya mashariki. Wazee husema ndiko misafara ilikoingilia mjini. Sasa ni njia ya mchanga tu, ya baiskeli za mkaa na wanafunzi. Naifuata mpaka kwenye karavati kubwa, pale napanda kushoto kwenda kwenye lami, kisha narudi mjini kwa barabara kuu, nanunua maziwa, naingia nyumbani kwa upande wa pili. Ni mzunguko. Kwenda, jua linachomoza mbele yangu na kivuli changu kinabaki nyuma. Sikuwahi kufikiria kwamba hilo lina maana yoyote.

Nilianza na podikasti za afya. Kulikuwa na moja ya vijana wawili wa Dar es Salaam, wanaocheka kila baada ya sentensi, waliokuwa wakifundisha watu kuishi na wazazi wazee. "Mpe mzazi wako nafasi ya kujieleza," wakasema. Nikawauliza kwa sauti, peke yangu barabarani, kama wamewahi kumvalisha mama yao nguo za ndani huku akiwatukana kwa Kinyamwezi. Nikawafuta. Hapo ndipo nilipoangukia kwenye simulizi za kutisha.

Msimuliaji alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito ya polepole, kama anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Hadithi yake ilikuwa ya mwanamke aliyerithi nyumba ya shangazi yake na kukuta mle ndani kuna mtu ambaye haonekani ila anahema. Ni upuuzi. Mimi mtu mzima, mwenye wajukuu, nilikuwa nakesha nikisubiri alfajiri nijue nani anahema. Kila siku sehemu moja, na kila sehemu ilikatwa pale inapouma.

Baada ya majuma machache nikaanza kuhisi nafuatwa.

Ilianza shingoni. Nikivuka reli tu, nywele zinasimama. Nilijua chanzo chake, au nilidhani najua: ni hadithi. Nikajiambia kwa hasira kwamba nimenunua bando kwa pesa zangu ili kijana wa mjini anitishe kwenye njia niliyochezea tangu utoto. Nikaongeza mwendo. Nikaongeza na sauti. Ningegeuka ningekuwa nimemkubalia yule kijana, na juu ya hapo kulikuwa na sheria ya mama, ambayo sikuwahi kuivunja tangu siku ya paka.

Nilikaribia kuivunja mara moja tu. Chaji iliisha kabla ya karavati, sauti ikakatika katikati ya neno, na dunia ikarudi masikioni mwangu ghafla: kunguru, moto wa porini ukipasua vijiti mbali, na nyuma yangu, kwa mbali, kandambili. Pa. Pa. Zinaburuza mchanga, zinasimama, zinaanza tena. Nilisimama. Zikasimama. Moshi wa mashamba ulikuwa umetanda, jua jekundu halina miale, na hakukuwa na baiskeli wala mwanafunzi. Nikasema Bismillahi, nikapanda kwenye lami karibu mbio, nyonga hizi na presha hii. Nilipofika nyumbani mama alikuwa kitandani ameelekea ukutani, anahema kwa nguvu, miguu imetoka nje ya shuka. Nikadhani ni malaria. Nikampima, hakuwa na homa.

Pale kwenye reli alikuwepo muuza mkaa mmoja, Mzaramo, mzee kunizidi kidogo, ambaye baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli na hakuwahi kuondoka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hilo halihitaji maelezo kwetu. Utani huo umetokana na njia hiyohiyo ya misafara. Ananitukana, namtukana, nikifiwa anakuja kunichekesha msibani, na hakuna anayekasirika. Neno la mtani hulipimi. Ukilipima, wewe ndiye uliyekosa adabu.

Kila asubuhi aliponiona alipaza sauti na kunitikisia mkono, na mimi nikatoa hedifoni moja kumpa haki yake.

"Mpagazi!" akaniita. "Leo umebeba nini?"

"Nimebeba akili, wewe huijui. Rudi ukalale, Mzaramo."

"Akili gani! Wapagazi wa siku hizi mmekuwa wavivu. Zamani mzigo ulikaa kichwani. Wako unakufuata kwa miguu!"

Nilicheka. Nilijua anasema juu ya makalio yangu. Nikamwambia mkaa wake ni wa miti ya makaburini, nikarudisha hedifoni, nikaenda. Keshokutwa yake akasema tena, kwa namna nyingine: msafara umekamilika, mwenye mali yuko nyuma. Nikamjibu tena. Hata wanafunzi waliopita walicheka. Nakumbuka nilifikiri kwamba mzee huyu ameishiwa, anarudia utani mmoja kila siku.

Nyumbani mambo yalikuwa yanabadilika, na kila badiliko nililipatia sababu. Nilikuta komeo liko wazi. Nikasema limelegea, nikalitia mafuta ya cherehani. Nilikuta miguu ya mama imejaa mchanga mwekundu. Nikasema amekwenda kwenye kibustani cha nyuma. Kwenye pindo la kanga yake kulinasa vishonanguo, zile mbegu nyeusi zinazojishika kwenye nguo ya mpita njia. Kibustani changu hakina vishonanguo. Nilivibandua kimojakimoja usiku, nikiwa nimekaa kwenye kitanda chake, na nikajiambia pengine ni vya zamani. Sijui vya zamani vipi kwa kanga niliyoifua Jumamosi.

Alianza kufunga kifurushi. Kila jioni aliokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani yangu, bluu ya sare za msingi, kijani ya sketi, akavikunja vizuri, akaweka na kitana chake na kipande cha sabuni, akafunga kwa kanga. Namfungulia, analala, kesho anafunga tena.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Tunakwenda wote. Wenzangu wameshatangulia."

"Wenzako gani?"

Akanitazama kwa huruma, kama ninayeuliza jambo linalojulikana na kila mtu. "Leo tumefika mbali," akasema. "Kesho tutavuka."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asisikie ninavyolia. Nilidhani anaongea habari ya kufa.

Na asubuhi moja nikirudi na maziwa nilimkuta amekaa kitandani, ameshajifunga kanga. Aliniona nikiingia, akasimama, akainamisha kichwa, akapiga goti kidogo kwa namna ya watoto wa zamani, akasema, "Shikamoo."

Mama yangu. Kunipa mimi shikamoo. Kuna mambo ambayo mtu akiambiwa yatatokea anaweza kujiandaa, lakini hilo hakuna kliniki iliyonitajia. Ulimi wangu haukuweza kutoa marahaba. Ningemwitikia ningekuwa nimekubali kwamba sina mama. Nikamwambia kwa ukali, "Mama, acha hayo, mimi mwanao." Akaogopa. Akarudi kitandani, akavuta miguu juu. Kesho yake nilitoka kutembea mapema zaidi ya kawaida, kwa sababu nyumba ilikuwa inanikaba.

Sasa nafika siku yenyewe.

Yule msimuliaji alikuwa ameahidi kwamba leo tutamjua anayehema. Nilitoka alfajiri, nikarudisha komeo, nikavuka reli. Mtani wangu alikuwa anashusha magunia kwenye baiskeli, akaniinulia mkono, nikamwinulia wangu bila kusimama. Nilipofika kwenye karavati, mwanamke wa kwenye hadithi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha shangazi yake, ameshika kitasa. Sikupanda kwenye lami. Nilijua kule juu kuna malori na pikipiki na nitapoteza utamu. Nikaendelea mbele na njia ya zamani, kwa mara ya kwanza, nikaingia kwenye miombo.

Ilikuwa ni mwisho wa kiangazi. Miti haina majani, ardhi imeungua kwa viraka vyeusi, na njia inakwenda imenyooka kama iliyopigwa chaki na rula. Yule mwanamke akafungua mlango. Ndani hakukuwa na mtu. Aliyekuwa anahema ni yeye mwenyewe. Nilikasirika nikatukana kwa sauti. Majuma yote yale, na jibu ndilo hilo! Nikatoa hedifoni, nikakuta kuna kinjia cha kukata kushoto, nikakifuata mpaka kwenye lami, nikapanda pikipiki kurudi kwa sababu nilikuwa nimekwenda mbali kuliko kawaida.

Komeo lilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kitupu. Kifurushi hakikuwepo.

Nilimtafuta chooni, bustanini, kwa majirani, chini ya kitanda hata, kama mtu anayetafuta sindano. Kisha nikatoka bila hata kuvaa ushungi vizuri, nikakimbia mpaka kwenye reli, kwa sababu reli ndiyo niliyoiogopa kwanza. Muuza mkaa akaniona ninavyokuja. Akaanza kutabasamu, halafu akaacha.

"Umemwona mama yangu?"

"Si mlipita wote?"

"Wote na nani?"

"Wewe na yeye. Kama kila siku." Alikuwa ameshika kipimo cha mkaa, akakiweka chini taratibu. "Wewe mbele, yeye nyuma. Anapita hapa ananiamkia kwa mwangaluka, namwambia mwanao huyo anakimbia, anasema mwache, ndiye anayenionyesha njia. Akifika kule karavatini akikukosa anarudi. Nilidhani ndivyo mlivyopanga. Mtu mzima hukaa nyuma ya msafara, si ndivyo ninyi mnavyosema?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku."

Nilimshika shati. Nasema yaliyotokea. Nilimshika mzee wa watu shati mbele ya wateja wake, nikamtukana, na mara hii haukuwa utani. Wakati ule nilikuwa na hasira naye, na wanafunzi waliocheka, na kila mwanamke aliyekuwa akifagia mlangoni Ng'ambo nzima akatuona tukipita mmoja nyuma ya mwingine na kudhani tunafanya mazoezi ya familia. Wote walimwamkia. Wote waliona heshima. Hakuna aliyeona kikongwe anapotea, kwa sababu mtu mwenye mwanawe mbele hapotei.

Muuza mkaa aliacha biashara yake wazi, akasimamisha pikipiki, akanipandisha, naye akapanda nyuma yangu, akamwambia dereva afuate njia ya zamani. Tulipofika kwenye karavati nilishuka kutazama. Kwenye mchanga kulikuwa na nyayo za raba zangu, zile chapa zenye meno, zinakwenda mbele. Na juu yake, palepale nilipokanyaga, kila hatua, kandambili. Hakuwa ananifuata ovyo. Alikuwa anaweka mguu wake ndani ya wangu.

Tukaingia miombo. Treni ya mizigo ikapiga honi mahali upande wa kulia, ndefu, na mwili wangu wote ukaondoka nayo. Dereva akauliza kama aongeze mwendo, nikamwambia aongeze. Tukakutana na wachoma mkaa wanasukuma baiskeli zao kuja mjini. Wa kwanza akasema ndiyo, amemwona bibi mmoja, wamesalimiana, anasema anamfuata mwenzake. Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu akasema alimpa maji na alimuuliza anakwenda wapi, akaambiwa Tura, naye akamtakia safari njema. Safari njema! Tulipopita kinjia nilichokuwa nimekata asubuhi, nyayo za raba zilipinda kushoto. Kandambili hazikupinda. Hapo hakuwa na wa kumfuata tena, na alikuwa ameendelea.

Nilimwona kabla dereva hajamwona. Alikuwa mbali mbele yetu, katikati ya njia, mdogo sana, kifurushi kichwani, mgongo umenyooka kama wa msichana. Kandambili moja ilikuwa imekatika. Aliibeba mkononi na kutembea mguu mmoja pekupeku kwenye majivu. Nikamwambia dereva azime, nisije nikamshtua.

"Mama!" nikaita.

Hakugeuka.

Niliita tena kwa nguvu zangu zote. Niliita kwa jina lake la ukoo, kwa jina la baba yangu, kwa jina langu mwenyewe, mama fulani, mama fulani, na pori lote lilinisikia. Mgongo ule uliendelea kwenda. Hakupunguza mwendo, hakuongeza, wala shingo haikusogea. Nikajua nikisimama pale nitaita mpaka jua lizame na yeye atakwenda tu, kwa sababu hivyo ndivyo inavyotakiwa, na anayekuita ana miguu. Nikakimbia. Nilikimbia nikampita, nikasimama mbele yake, nikamzibia njia, sina pumzi.

Alisimama. Hakunitazama usoni. Alitazama chini, kwenye raba zangu ambazo hazikuwa nyeupe tena, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu alipohamia kwangu.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Wewe wa viatu vyeupe. Nakuita kila siku, mwanamke wewe. Kila siku nakuita, nakuambia ningoje, twende pamoja. Hugeuki."

"Sikukusikia," nikasema. "Nisamehe. Sikukusikia."

"La, usiombe radhi." Akanishika mkono, mkono wake ukiwa na joto na vumbi. "Hivyo ndivyo mtu anavyotembea. Siku hizi watoto wanageukageuka ovyo, hawana wa kuwafunza. Wewe umelelewa. Mama yako ni nani?"

Muuza mkaa alikuwa ameshafika nyuma yake. Alisikia, akageuza uso akatazama miti.

Nikamtajia jina lake. Nililitaja lote, na la baba yake, na nikasema ni mtu wa Tura.

Mama akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, macho ameyafumba kidogo, akiwapitia watu wote wa Tura aliokuwa nao kichwani. Kisha akatikisa kichwa.

"Simjui," akasema. "Lakini ukifika kwenu, msalimie sana. Mwambie amelea."

Nikamwambia zimefika, nikampokea mzigo.